Maji Niliyoyakataa Waithaka

Jumapili, Agosti 1958. Baridi. Mawingu yameikalia Parklands tangu alfajiri na mvua yenyewe hainyeshi, inatutisha tu. Miguu imevimba hata viatu vya kanisani vimekataa kuingia. Naandika nikiwa kitandani, daftari juu ya goti, nikiguna kila nikigeuka.

Jana nilikimbia marathoni yangu ya kwanza. Maili ishirini na sita na ushee: kutoka mjini, tukashika Ngong Road, tukapita Waithaka na Mutuini, tukazunguka kwa juu na kurudi mjini kupitia hapa Parklands. Nilikuwa wa tisa. Siku nyingine ningejaza kurasa kumi kwa kujisifu.

Lakini kuna mama mmoja amelala kwenye kambi ya askari kule Waithaka kwa sababu ya neno langu.

Niseme ukweli, maana daftari hili halina wa kulisoma ila mimi, na mke wangu Rasoa akipenda, maana najua hulifungua. Mimi ni mtu wa shaka. Nguo zikitoka kwa dobi nahesabu vifungo. Fundi akinirudishia saa naiweka sikioni mbele yake. Mke wangu husema mtu akinipa salamu naigeuza chini juu nione kama ina ufa. Miaka sita ya Hali ya Hatari katika mji huu wa vipande vya kitambulisho na vizuizi, ambapo jirani akikuuliza umelala wapi hujui anauliza kwa niaba ya nani, imenizidishia ugonjwa niliokuja nao kutoka kwetu Maragoli.

Kukimbia kwenyewe nilikuanza kwa shaka. Mimi ni tarishi wa tajiri mmoja Mhindi anayeuza vyuma kule Bazaar, na barua zake nilikuwa nazipeleka mbio ili asipate sababu ya kunifukuza. Miezi mitano nimefanya mazoezi alfajiri, nikiwa na kipande mkononi, kwa kuwa Mwafrika anayekimbia Nairobi saa hiyo lazima awe na maelezo.

Jana asubuhi, kabla ya kuanza, jamaa mmoja mrefu aliyekuwa ananyoosha misuli karibu nami aliniambia kwa sauti ya chini, "Ukifika upande wa Dagoretti, funga mdomo. Maji ya Wakikuyu wa kule si ya kunywa siku hizi."

Sikumuuliza amejuaje. Sikumuuliza hata jina. Hiyo ndiyo ajabu ya mtu wa shaka: habari njema naipima kwa mizani, habari mbaya naimeza bila kutafuna.

Nilikimbia vizuri mpaka Dagoretti. Huyo jamaa mrefu alikuwa mbele yangu, nami nikimchunga, maana nilianza kushuku kwamba amenitisha ili nikaukiwe na koo nisimpite. Tulipokaribia soko la Waithaka nikaona mama wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, amesimama kando ya barabara na ndoo juu ya kigoda. Alikuwa na kikombe cha bati. Nikamwona kwa macho yangu akifungua karatasi iliyosokotwa, akamimina unga mweupe ndani ya ndoo, akakoroga kwa mwiko.

Jamaa mrefu akapita bila kutazama. Mimi nikasimama. Kiu ilikuwa imenishika kweli.

"Kunywa, kijana," akasema, akinyoosha kikombe.

Kwetu mtu akikupa kinywaji huonja yeye kwanza. Husema anatoa uchawi, watu hucheka, kisha unakunywa kwa amani. Nikangoja aonje. Hakuonja. Alinitazama tu na kikombe chake, kama mtu asiyejua anangojewa nini.

"Onja kwanza, mama," nikamwambia.

Uso wake ukabadilika. "Mimi ni mchawi?"

Hapo askari mmoja wa kijiji, aliyewekwa kuangalia barabara, akasogea na bunduki yake. Akaniuliza, "Kuna nini? Maji ina nini?"

Ningeweza kusema hakuna kitu. Ningeweza kushika njia yangu na kiu yangu. Nikajibu, "Mimi sijui. Nimemwona akitia kitu."

Nikaondoka mbio. Nyuma yangu nikasikia ndoo ikipinduliwa na mama akilalamika kwa Kikuyu. Sikugeuka. Nilijiambia mbio si mahali pa kugeuka.

Nataka niandike na hili pia, ingawa ni aibu: kutoka pale mpaka Mutuini nilikimbia kwa furaha. Nilijiona mwerevu. Nilisema moyoni, wengine watakunywa na kuanguka, mimi nimejiokoa. Parklands nikamkuta Rasoa pembeni na chupa ya chai yake, nikanywa yote bila kusema ahsante, nikaingia uwanjani wa tisa. Jamaa mrefu hata sikumwona tena. Nasikia alishikwa na kichomi, akaacha mbio, akarudi kwao kwa Ngong Road.

Wafula ndiye aliyeniharibia furaha. Wafula ni mpishi, rafiki yangu tangu shule ya misheni, na alifika karibu saa nzima baada yangu akitembea. Alipita Waithaka wakati askari walikuwa bado wamemzunguka yule mama.

"Wanasema ametia sumu kwa maji ya wakimbiaji," akaniambia, amelala chali kwenye nyasi. "Sumu gani hiyo, ndugu yangu? Yale matope mahali maji ilimwagika yamejaa nyuki. Nyuki wanalamba kama harusi."

Sukari. Mama yule alitia sukari.

Sikumwambia Wafula kuwa maneno yalitoka kwangu. Nilimwambia Rasoa, nilipofika nyumbani. Alikuwa anakanda miguu yangu kwa maji ya chumvi. Akaacha kukanda.

"Na wewe ulinyamaza?" akauliza.

"Nilikuwa nakimbia."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Baba Aggrey," akasema, akaenda kumwaga beseni. Sijui kama alikuwa ananihurumia au ananichapa. Kwa Rasoa vitu hivyo viwili hufanana.

Leo, ibada ilipokwisha, nikaenda Waithaka na akala zilezile za tairi nilizovaa kanisani. Nilienda polepole kama mzee wa miaka themanini. Njia nzima nilijipanga maneno. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kukiri. Nitakiri, wataona ni kosa, watamfungulia, basi.

Kumbe sikujua jambo moja, mimi bingwa wa kushuku. Shaka ukiitoa hupokewa upesi. Ukitaka kuirudisha hakuna anayeipokea.

Koplo aliyekuwa kwenye meza alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama akala zangu, akatazama kipande changu pande zote mbili.

"Wewe ni Mluhya."

"Ndiyo, afande."

"Huyu mama ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Ni mama ya mke yako?"

"Hapana, afande."

"Sasa mtu anatembea kutoka Parklands na miguu kama hii, Jumapili, juu ya mama hajui hata jina?" Akacheka kidogo. "Watu yake wamekupa nini?"

Nilimwambia sijapewa kitu. Nilimwambia habari ya nyuki. Akaandika neno "nyuki" kwenye karatasi, akalipigia mstari chini, nami nikaona kabisa kwamba sasa nyuki nao wameingia kwenye kesi. Alikuwa ananitazama jinsi mimi ninavyomtazama dobi. Sijawahi kuwa upande ule wa jicho hilo. Jasho lilinitoka kuliko jana.

Mwishoni akaniambia hivi: kesho saa sita mchana lori linakuja kuwachukua walioshikwa kwenda kizuizini, na mama huyo ni mmoja wao. Nikitaka kufuta maneno yangu, nilete barua ya mwajiri kwamba mimi ni mtu wa kuaminika, kisha niandikishe jina na kutia kidole gumba. Lori likiondoka naye, si kazi yake tena.

Nilipotoka nikamwona. Wamewekwa nyuma ya seng'enge, kwenye banda, wanawake wanne. Alinitambua kabla sijamsemesha. Nilingoja matusi. Ningeyapokea, hata yangenisaidia.

"Wewe ulimaliza?" akaniuliza.

"Nilimaliza, mama."

"Namba ngapi?"

"Tisa."

Akatikisa kichwa, akawaambia wenzake kwa Kikuyu, nao wakanitazama. Kisha akanirudia.

"Mimi niliona watu wanakimbia na hakuna mtu anawafukuza. Nikasema, hawa ni watu ya Mungu, wacha niwapatie maji tamu." Akashika waya kwa vidole viwili. "Kama ulikuwa hutaki sukari, si ungesema tu?"

Nilisema pole. Nilisema kesho nitarudi. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mtu aniamini bila kunichunguza.

Anaitwa Wangari. Nilimuuliza askari wa mlangoni, baada ya siku nzima ya kumwita yule mama.

Sasa mambo yenyewe ni haya. Tajiri wangu, siku aliponiandika kazi, aliniambia sharti moja: tarishi wake hana habari na askari. Jina lako likifika kambini, kwa jema au kwa baya, tafuta pengine. Hataki kusikia kisa. Nikiomba barua lazima niseme ni ya nini. Nikifukuzwa, ruhusa ya kukaa Nairobi inakwenda na kazi, na mimi narudi Maragoli na tuzo ya mtu wa tisa, ambayo ni taulo.

Tangu jioni akili yangu inaniletea visingizio, kila kimoja kimevaa suti. Labda koplo alinitisha tu. Labda lori halitakuja. Labda ndugu zake watamtoa. Labda, na hiki ndicho kibaya zaidi, labda kweli alitia kitu kingine pamoja na sukari. Nimekiandika ili nikione kilivyo kichafu.

Rasoa anasema nitaenda. Amekwisha kunipigia pasi shati. Yeye ananiamini, nami namshangaa, kwa sababu mtu ninayemshuku kuliko wote jioni hii ni huyu aliyeshika kalamu. Namjua. Jana alikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kweli akachagua kukimbia.

Ofisi inafunguliwa saa mbili. Nitaomba barua. Nikipewa, nitaipeleka, nikinyimwa, nitakwenda vilevile, nitie kidole gumba bila barua na koplo aandike anavyotaka. Naogopa sana. Nimeyaandika haya kwa wino, si kwa kalamu ya risasi, na ukurasa nitauacha wazi juu ya meza mahali Rasoa atausoma kabla sijaamka.