Mguu Ulioanza Kufa Ganzi

Kaka Elikana,

Naogopa. Hata mke wangu namwambia ni uchovu tu.

Mguu wangu wa kushoto umeanza kufa ganzi. Inaanzia kiunoni, inashuka nyuma ya paja mpaka vidoleni, vilevile ulivyonieleza wewe tulipokuwa tukipakia maharage pale ghalani Kasulu. Ulisema, "Mdogo wangu, msimamizi asijue, ataleta mtu mwingine." Ukajifunga kanga ya shemeji kiunoni, ukaendelea kubeba lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Mpaka siku ile mguu ulipokukatalia juu ya ubao wa kupandia lori, ukaanguka na gunia. Nilikuwa nyuma yako, kaka. Mpaka leo nikikanyaga ubao, natazama pale ulipoangukia.

Tulikurudisha nyumbani Mabamba, tukakuzika karibu na baba.

Baadaye mwenye ghala alileta mtaalamu, mama mmoja mchangamfu, atufundishe kubeba mizigo bila kuumiza mgongo na viungo. Tulicheka. Mzee Rashidi, mbebaji mwenzetu, akauliza, "Kubeba nako kuna shule?"

"Njoo unyanyue hilo gunia, mzee wangu," mama akamwambia. Kabla hajalinyanyua akamsimamisha. "Mnaona mgongo ulivyopinda? Chuchumaa. Mzigo ukumbatie kifuani, miguu ndiyo inyanyue. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usisokote kiuno. Na lumbesa si mzigo wa mtu mmoja!"

Nikakuwaza wewe na kanga ile kiunoni.

Kisha akauliza, "Nani hapa anasikia ganzi mguuni?"

Wote tukatazama chini. Msimamizi alikuwa mlangoni, anatukodolea macho. Nikainua mkono. Nikajua kazi basi. Mara Mzee Rashidi naye akainua wake.

Mama akamgeukia msimamizi: "Hawa wawili wasibebe kitu mpaka waonwe na daktari." Msimamizi akaguna, akakubali.

Daktari anasema kuna mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni. Nimewahi, anasema. Kanipa mazoezi. Lakini akaongeza, "Mguu ukilegea, au mkojo ukikutoka bila kujua, njoo siku hiyohiyo." Kaka, tangu hapo kila nikienda chooni naingia na hofu. Nikiamka nachezesha vidole vya mguu kwanza, nione kama bado vinanisikia.

Sasa nashona midomo ya magunia nikiwa nimekaa. Msimamizi anasema ni mpaka msimu uishe. Baada ya hapo sijui.

Pumzika, kaka. Leo namwambia mke wangu ukweli wote, na nakuahidi sitapanda ubao kwa kuona aibu kusema naumwa. Wakinifukuza, nitatoka pale nikitembea kwa miguu yangu.

Mdogo wako,
Yeremia