Sina Kitu

Buyenzi, 6 Oktoba 2002

Mwanangu Mwanasiti,

Assalaam aleikum. Mi mama yako niko muzima, ni magoti tu yananisumbua. Kaka yako Tajudini anakusalimia kutoka garaji, anasema umutumie baridi ya huko kwenye chupa. Bibi yake Candide anakusalimia. Mutoto wao Moubarak ameota meno mawili, anauma kila mutu. Jirani Mwavita anakusalimia sana, anauliza kama ndagala zake, visamaki vile vikavu ulivyobeba, zilimufikia dada yake. Na we uko aje? Unakula? Unavaa soksi?

Mwezi mzima tangu upande ndege, barua hakuna. Upande wa Kinama mabomu yanasikika, lakini hapa tuko salama. Niambie tu kama valizi, lile sanduku lako la safari, ilifika. Usimupatie mutu. Hata ikichakaa usiitupe. Nasema tu.

Mama yako

Brussels, 21 Oktoba 2002

Mama yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, soksi navaa mbili mbili. Nibusie Moubarak, lakini mbali na meno.

Mama, usikasirike. Valizi haikufika. Nilisimama pale uwanjani hadi mizigo yote ikaisha. Niliandika malalamiko siku ileile, kwa hiyo haki yangu ipo. Avoka mmoja, wakili anayesaidia wageni, Adrien, ameniambia kuna mkataba wa nchi nyingi unaomlinda abiria: mzigo ukipotea, kampani inalipa. Ila inalipa kwa kilo. Yetu ilikuwa kilo ishirini na tatu, iwe dhahabu, iwe ndagala. Ili walipe zaidi, abiria anatakiwa kutangaza thamani kabla ya kupanda.

Na kweli waliniuliza, Mama! Yule dada pale Bujumbura alisema, "Kuna kitu cha thamani unataka kutangaza?" Nikajibu vile ulivyonifundisha kujibu kwenye bariyeri za askari barabarani, macho chini: "Sina kitu." Adrien alicheka, halafu akaniomba radhi.

Sasa wanataka orodha ya vitu vyote, na aliyepanga ni wewe. Nitajie. Nikishalipwa nitasaini kwamba sidai tena, nao wataacha kuitafuta.

Binti yako

Buyenzi, 17 Novemba 2002

Mwanangu,

Salaam sana na funga njema. Barua yako ilichelewa, imefika jana. Candide amenisomea mara tatu, nikasema labda anasoma vibaya.

Orodha ni hii: vitenge viwili, kanzu ya marehemu baba yako, ndagala za Mwavita, mafuta ya mawese chupa moja, sufuria ndogo, pilipili. Na kuna kitu sikukuambia. Chini, ndani ya kile kitambaa cha valizi, nilishona karatasi ya nyumba yetu ya Kinama. Nilijua ungejua ungetetemeka, na mutu akitetemeka kwenye bariyeri wanafungua kila kitu. Nilisema Ulaya haina vita, karatasi itapumuzika huko.

Unakumbuka ile nyumba? Baba yako Massoudi aliijenga tofali kwa tofali, kila mushahara ukuta unapanda kidogo. Siku ya kutia bati, jirani Melchior alileta kreti ya bia kutupongeza. Massoudi akamwambia, "We Melchior, si unajua hatunywi?" Melchior akajibu, "Najua sana, ndiyo maana nimeleta." Akainywa mwenyewe yote, akatuimbia mpaka watoto mukalala mukicheka. Noeli tulikula kwake, Idi walikula kwetu. Mpaka vita ile ya 1995 tukatoka na sufuria iko bado kwenye moto.

Usisaini. Waambie watafute. Usisaini, mwanangu.

Mama yako

Brussels, 12 Desemba 2002

Mama,

Natumaini Idi ilikuwa njema. Barua yako imefika leo. Nilisaini Jumatatu.

Nilikimbia kwa Adrien bila koti. Anasema mkataba huo ulinipa miaka miwili ya kushitaki, lakini sahihi yangu imeifunga njia hiyo. Nisamehe. Sijui niandike nini tena.

Mwanasiti

Buyenzi, 5 Januari 2003

Mwanangu,

Salaam. Wote wazima, hata magoti. Acha kulia. Karatasi nilificha mimi, maneno ya bariyeri nilikufundisha mimi.

Juzi nilienda Kinama na Tajudini. Ndani kuna mutu anaitwa Pontien, na bibi na watoto wanne. Nilikuwa nimetayarisha matusi njia nzima. Nikamukuta naye alikimbia kwake Mutakura, anapika ugali palepale nilipopika mi. Akaniwekea kiti. Akasema, "Mama, siku wakubwa wa kartie, wa mutaa huu, wakisema ni kwako, nitatoka. Lakini bila ushahidi, nimuachie tu kila anayepita?" Hakusema vibaya.

Wakubwa wamekubali kutusikiliza bila karatasi, kama kuna mashahidi. Melchior amerudi, amezeeka, anakuja. Wanataka pia maneno ya mutoto aliyekulia mule, kwa maandishi. Andika kila unachokumbuka: mulango ulitazama wapi, kisima, chumba chenu, hata ukuta ule uliochora na makaa nikakuchapa. Adrien atie muhuri kama anao.

Wanakaa Jumamosi tarehe 25. Posta itachelewa, tafuta mutu anayepanda ndege. Na umwambie barua aishike mukononi, asiiweke kwenye valizi. Fanya mbio, nangojea.

Mama yako