Strungi Ndani ya Kibakuli cha Sukari

Jumapili. Mvua ya mchana imeshapita lakini mabati bado yanadondosha.

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kila Jumamosi, Mama na kaka yangu Kibet wakipeleka majani ya chai kituo cha kuuzia, mimi hujifungia ndani ya stoo ya majembe, napiga magoti juu ya gunia, na kunywa strungi.

Polepole. Kama mtu anayesali.

Kama hujatoka huku kwetu Kiptere utashangaa siri iko wapi hapo. Strungi ni chai ya rangi, haina hata tone la maziwa. Huku maana yake ni kwamba ng'ombe wamekauka, au pesa imeisha, au humpendi mgeni wako. Ukimpa mtu strungi leo, kesho habari iko Sigor.

Nilianza kwa ajili ya kazi ya shule. Nilikuwa natafuta picha ya chai kwenye simu hii ninayoandikia, niliyorithi kwa Kibet, yenye kioo kilichopasuka, nikakutana na video ya mama mmoja wa Uchina. Alikuwa ameketi chini, ana kibakuli chenye kifuniko na vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto. Alimwaga maji juu ya majani, akangoja, akamimina, akampa mgeni wake kwa mikono miwili. Muda huo wote hakusema neno. Na hakuna aliyemuuliza kama ni bubu.

Mimi huulizwa. Kila mgeni anayeingia kwetu: "Huyu wako haongei? Alimeza ulimi?" Mama hucheka, anasema nitaongea nikiwa na kitu ya kusema. Lakini naona vile anapanga upya vitambaa vya viti ambavyo tayari vimepangwa.

Niliitazama ile video mpaka bando likaisha.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilichuma majani mawili na chipukizi vile Mama alinifundisha, nikayageuza kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, nikayasugua kwa viganja, nikayaanika. Mpaka hapo sawa. Halafu nikafanya vile jikoni kwetu hufanywa: nikayatia kwenye maji, nikachemsha, nikasimama kando na kijiko nikingoja chai ipande ili niiwahi isimwagike. Maji hayapandi kama maziwa. Nilingoja kweli! Ikatoka chungu kama dawa ya minyoo.

Mara ya pili niliacha maji yatulie kwanza. Nikaonja, na nikakaa hapo kwa gunia nikiwa sijui nifanye nini na uso wangu. Ilikuwa na ladha ya shamba letu asubuhi, kabla umande haujakauka. Nimezaliwa katikati ya majani haya, nimeyabeba mgongoni, lakini sisi hunywa ya pakiti kutoka dukani. Sikuwa nimewahi kuyaonja yetu.

Kibakuli nilikitoa kwa kabati la Mama. Kile cha sukari, cha arusi yake. Kilikuwa na kifuniko, ningefanya nini?

Baadaye nikapata video nyingine, ya Japani. Wale huzika kaa la moto ndani ya jivu, juu yake wanaweka kibati chembamba, na juu ya kibati kibanzi cha mti unaonukia, kidogo kuliko ukucha. Mti hauungui, unapata joto tu. Wanasema hawanusi, wanasikiliza. Halikunishangaza sana hilo, kwa sababu hata sisi husema tunasikia harufu. Mti wao huku hauko, nikavunja kipande cha vile vijiti vya mti wa senetwet ambavyo Mama huweka juu ya meko, vya kufukizia vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kuganda. Jivu lilitoka jikoni, nikalitia kwenye mkebe wa rangi ya viatu.

Na kibati? Hapo ndipo nilijiponza. Niliokota karatasi ya kung'aa nje ya duka. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara.

Jana Kibet alirudi ghafla kuchukua gunia lingine. Kibet hawezi kuona kitu akanyamaza. Alikimbia na mkebe wangu hadi barabarani, kwa Mama.

"Mama! Cherono anavuta! Ona jivu. Ona karatasi ya sigara. Hata macho yake ona, nyekundu!"

Macho yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Kaa lilikuwa halijazikwa vizuri.

Mama aliingia stoo bado amejifunga ile aproni ya kuchumia. Alishika ile karatasi kwa ncha za vidole, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa majani.

"Cherono. Ni sigara ama ni bangi?"

Nilifungua mdomo. Hakuna kitu kilitoka.

"Niambie na mdomo yako, mama. Nitakuamini."

Hiyo ndiyo iliniumiza. Angeniamini. Neno moja tu lilihitajika, na nilisimama pale kama mti, nikiona uso wake ukibadilika kidogo kidogo kwa sababu yangu. Mwishowe akasema haya, kesho baada ya kanisa mchungaji atakuja aniulize yeye.

Leo tumetoka kanisani na mchungaji ameahidi kufika mvua ikipungua. Mama ameketi sebuleni na nguo yake nzuri, mikono imekunjwa. Nikajua mchungaji akifika nitanyamaza tena, na safari hii kunyamaza kwangu kutahesabiwa kuwa ndiyo.

Kwa hivyo nimefanya kitu pekee ninachoweza. Nimeleta birika, kibakuli cha sukari, vikombe viwili na ule mkebe. Nimepiga magoti mbele ya Mama na kumimina.

Mama ameangalia ndani ya kikombe. "Maziwa iko. Kwani ng'ombe imekufa?"

Kibet, mlangoni: "Mchungaji akikuta strungi hapa atatuchangia pesa!"

"Kibet, enda ufunge ndama." Halafu kwangu: "Na hii si kibakuli yangu ya arusi?"

Nimetikisa kichwa kukubali. Amenitazama, ametazama kikombe, amekunywa. Hajakunja uso. Amekunywa tena.

Nimeweka kibanzi juu ya ile karatasi ya sigara, kaa likiwa limezikwa vizuri safari hii, nikampa mkebe kwa mikono miwili. Ameusogeza puani. Na amefunga macho.

Sura hiyo naijua. Tangu nikiwa mdogo, Mama akimaliza kusugua kibuyu kwa kaa la senetwet, huweka pua kwenye mdomo wa kibuyu, anafunga macho, ananyamaza kidogo kabla ya kumwaga maziwa. Nilimaliza bando nikitafuta watu wanaosikiliza moshi mbali huko, na wa kwanza niliyemwona akifanya hivyo alikuwa jikoni kwetu.

"Hii ni senetwet," amesema. "Unachoma vijiti yangu?"

Kisha ameanza kucheka, akacheka mpaka akajipangusa macho kwa kitambaa cha kanisani. Amempigia mchungaji simu. "Usijisumbue na mvua, mchungaji. Msichana ni mzima. Ni chai. Ndiyo, chai tu. Hapana, haina maziwa. Nitakueleza."

Nashukuru. Sijui niandike aje. Namshukuru mama wa ile video, ambaye lugha yake sijui hata neno. Namshukuru Kibet pia, ingawa hatalisikia hilo kwangu. Na Mama, aliyekunywa strungi siku ya Jumapili na nguo yake nzuri. Kongoi, Mama. Kongoi mising.

Lakini kabla ya kwenda kukamua ameniuliza swali moja. "Sasa mbona ulikuwa unajificha?"

Nimeshindwa tena. Amengoja, amemaliza kikombe, amesema, "Ara, haya. Utaniambia."

Jibu ni hili. Nilijificha kwa sababu niliogopa ungeona aibu, mtoto asiyeongea sasa ameongeza ajabu nyingine. Lakini kule stoo kunyamaza hakukuwa ugonjwa. Kulikuwa njia ya kumkaribisha mtu, na sikuwa na mtu wa kumkaribisha.

Nasikia gambuti zake barazani, anazigonganisha kutoa matope. Kila siku hapa ndipo simu hii huingia chini ya mto.

Leo naiacha juu ya blanketi, mwanga ukiwaka, maandishi yakitazama mlango.

Soma kuanzia juu, Mama. Na ukimaliza, usiseme kitu kwanza.