Ukurasa Wenye Doa la Chenza

MITSUE NAGUMO
1951 – 2023

Mwaka wa kwanza umetimia, mama, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipotuacha, na machenza ya msimu huu yameiva bila wewe. Tumekuwekea matatu mbele ya picha yako. Baba keshamenya moja na kulila, anasema usingejali.

Hapa mjini Nagisawa walikuita Bi Kurasa. Kwa miaka thelathini na minne ulizunguka na baiskeli yako ya kijani, ofisi ya mji hadi ofisi za mawakili, ukibadilisha kurasa za majalada ya sheria. Majalada yale hayashonwi, hufungwa kwa skrubu, maana sheria hazitulii. Kifungu kikibadilika, mchapishaji alituma kurasa mpya kwa posta, nawe ukafungua jalada, ukatoa za zamani, ukaingiza mpya, ukapiga mhuri wako mdogo. Ukikosea ukurasa mmoja tu, ofisa anaamua mambo ya watu kwa sheria isiyokuwepo. Kazi hiyo uliipenda kupita kiasi. Sisi wanao tulisikia habari za kodi ya ardhi na leseni za uvuvi tangu tukinyonya.

Asubuhi, majirani walisoma habari za michezo. Wewe ulisoma Gazeti la Serikali, tena kwa kicheko.

"Baba Chizuru, hebu sikia hii! Wameandika aya nzima kueleza maana ya mlango."

"Kula wali wako, mama. Mlango naujua."

Kurasa ulizozitoa hukuzitupa. Ulizileta nyumbani, ukazipanga kwenye maboksi ya machenza mpaka kabati la magodoro likajaa. Tulifanyia hesabu nyuma yake, tukachora paka na treni. Na machenza yenyewe uliyala ukiwa kazini, mkono mmoja kwenye tunda na mwingine kwenye sheria. Mwanao Haruomi alikuonya mara ngapi? "Mama, siku moja utazigandisha sheria za nchi nzima kwa maji ya machenza." Ukamkimbiza na jalada la Sheria ya Barabara. "Miaka yote hii sijakosea hata ukurasa mmoja. Andika hiyo!"

Tunaandika, mama. Lakini tukikusifia hilo tu, wewe mwenyewe utatukatiza, kwa hiyo tunasimulia na habari ya hamamu.

Miaka sita iliyopita Bi Otowa, mwenye hamamu ya karibu na stesheni, bafu la umma linalopashwa maji kwa kuni, alipata barua kutoka ofisi ya mji. Sheria ndogo ilitaka dohani ya kuni iwe mita hamsini kutoka nyumba za watu, na yake iko mita tisa. Afunge mwisho wa mwezi. Alikuja kwetu na barua mkononi, akakataa hata chai.

"Mitsue, kwa umri huu nikaanze nini? Na wale wazee wasio na bafu nyumbani, waoge mvua?"

Ukasema sheria ile unaikumbuka, kwamba mwishoni mwake kulikuwa na masharti ya mpito, hamamu za zamani ziliachwa ziendelee. Ukapanda baiskeli hadi kwa Bwana Tsukuda wa idara ya ujenzi. Akakufungulia jalada. Hakukuwa na masharti yoyote.

"Bi Nagumo, mimi nasoma kilichomo," alikwambia, naye uso umemshuka, maana na yeye huoga pale pale.

Ulirudi ukashusha maboksi yote sebuleni. Siku mbili ulipekua, baba akikusaidia huku akiulalamikia mgongo. Siku ya pili ulishika karatasi moja ukaiona nzito. Zilikuwa mbili, zimegandana. Ya juu ilistahili kutolewa. Ya chini ndiyo yenye masharti ya mpito, na ulikuwa umeitoa wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Kati ya hizo mbili kulikuwa na doa la rangi ya machungwa.

Ulikaa chini.

"Irudishe kimya kimya," baba akasema. "Jumatatu si unaenda kubadilisha kurasa? Ichomeke. Nani atajua?"

Na sisi tuliunga mkono, tunakiri leo mbele ya watu. Tuliogopa utaipoteza kazi yako. Ulitutazama mmoja mmoja.

"Tsukuda ameshaona haipo. Jumatatu akiikuta ipo, ataliamini vipi tena jalada lote?"

Ukavaa suti yako nyeusi ya misiba, ukaenda. Mbele ya ofisi nzima uliinama mpaka nywele zikagusa kaunta. "Kosa ni langu, si la ofisi. Nilikuwa nakula chenza."

Bwana Tsukuda akaichukua ile karatasi, akaishusha stoo kuilinganisha na nakala ya asili yenye mhuri wa meya. Ililingana neno kwa neno. Akapanda ngazi akihema, akainusa mbele ya watu wote.

"Kweli," akasema, "ni chenza."

Ofisi ikaangua kicheko, nawe ukacheka huku machozi yanakutoka. Barua ya Bi Otowa ilifutwa siku ile ile. Kazi walikuachia, kwa sharti moja, matunda yabaki nyumbani. Ulilitii wiki nzima.

Tangu majira ya kuchipua mwaka huu kurasa haziji tena, sheria za mji zinasomwa kwenye kompyuta. Mwezi uliopita jalada lako lilihamishiwa maktaba ya mji. Baba alikwenda na nakala safi ya ukurasa ule mfukoni, akaomba wautoe wenye doa, watu wasije wakaliona kosa lako.

"Mzee Seikichi, huo uache," Bwana Tsukuda, aliyekuwa amelileta jalada, akamwambia. "Katika jalada lote, huo ndio niliouhakiki kwa macho yangu, na nikauona umerudishwa na yule yule aliyeutoa."

Baba alibisha kidogo. Kisha akaomba aunuse.

Leo jioni Bi Otowa amewasha moto mapema, maganda ya machenza yanaelea majini. Ndugu na majirani, karibuni nyote muoge. Moshi mtauona tokea stesheni.

Unakumbukwa na mumeo Seikichi, anayesema macho yake yanawashwa na moshi. Wanao Chizuru na Haruomi. Mjukuu wako Sumire, ambaye sasa ndiye anayechora paka nyuma ya sheria zako. Na Bi Otowa, ambaye kwetu ni kama wa nyumba moja.

Kila ukurasa una siku yake ya kutolewa, mama. Wewe hatukutoi.