Mkono wa Kija Chini ya Kisu

Mikumi,
12 Novemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimemkosea mdogo wangu Kija, mama, na wewe nimekudanganya. Ninalisema hili kabla sijakuuliza hali, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu kama barua zangu zote. Magoti yanaendeleaje? Mvua imefika huko Msowero? Sisi huku, Imelda na watoto ni wazima wa mwili.

Unakumbuka ile kazi ya hoteli ya watalii. Walitaka twiga na tembo waliokatwa kwenye plaiwudi nyembamba, wa kubandika ukutani. Tangu mwanzo Kija aliniambia kwamba kazi ile ni ya leza, kwa sababu leza inakata kwa mwanga, haigusi ubao. Mashine yetu ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, ina kisu kinachozunguka; alisema hiyo ni ya milango ya mninga, plaiwudi itaruka tu. Alitaka tuipeleke kwa mwenye leza Morogoro. Nikamjibu kwamba leza inaunguza, kingo zinabaki nyeusi, na kwamba mashine nimeichagua mimi, yeye kazi yake kushika.

Na kweli akashika. Vibano havikutosha, nikamwambia aulalie ubao kwa mikono, kama baba alivyotufundisha kumbana ndama wakati wa kupiga chapa. Fundi yeyote angetushangaa. Twiga wa kwanza akapasuka shingo. Wa pili akaruka, akamchana Kija shavu. Mteja alikuwa amesimama mlangoni. Kija akafuta damu, akacheka, akamwambia mteja, huyu kaka yangu ukimpa kucha akate, anakwenda kuleta shoka.

Mteja naye akacheka. Nikaokota kipande cha mninga, nikampiga nacho Kija mdomoni. Jino lilitoka, mama. Akanivaa, akanikaba koo, tukaangushana kwenye vumbi la mbao, nikamng'ata bega kama mbwa. Imelda ndiye aliyetumwagia ndoo ya maji. Mteja akaondoka na kazi yake.

Kwenye simu nilikwambia kwamba baada ya ugomvi Kija alikunywa pombe, akaingiza mkono kwenye mashine ikiwa inazunguka. Si kweli. Hakunywa hata tone. Tulipotulia alirudi mwenyewe kwenye meza, akasema basi kaka, yaishe, tujaribu tena, labda mteja atarudi. Akaweka kiganja juu ya ubao. Mimi nilikuwa kwenye kitufe cha kuwashia. Niliuona mkono, mama. Niliuona vizuri. Niliona anatabasamu na ule mdomo uliovimba, nikasikia tena kicheko cha mteja, nikabonyeza. Nilijiambia namtisha tu. Kisu kilipita kwenye vidole viwili kama kinavyopita kwenye mbao laini. Kimoja nilikiokota chini ya meza.

Hospitalini manesi walipouliza, yeye ndiye aliyejibu kwamba ameteleza. Sasa nasikia mzee Maganga amekataa kumwoza Gaudiosa, mchumba wa Kija, anasema binti yake haendi kwa mlevi. Nasikia na wewe, Kija aliporudi nyumbani, umemwambia usoni kwamba pombe ndiyo imemponza. Na bado hajanitaja.

CNC nimebadilishana na fundi wa milango wa Kilosa, amenipa leza. Ile haishikiwi ubao. Unalaza, unafunga kifuniko. Mkono wa vidole vitatu unaiweza. Ni ya Kija akiitaka. Asipoitaka, sitamlaumu.

Jumamosi, tarehe 29 mwezi huu, mimi na Imelda tutafika Msowero. Kabla jua halijazama nitakuwa nimesimama uani kwa mzee Maganga, wewe na Kija mkiwepo, niyaseme haya kwa mdomo wangu. Watu wa kwa Maganga wakinipiga, msiwazuie.

Wasalimie majirani wote na wana kwaya wenzako. Kuku usinichinjie siku hiyo.

Ni mimi mwanao,
Shigela