Nyamera wa Harweyn

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Jambo nililowaficha watu wote wa Kotile ni hili: huko Harweyn, kwenye hifadhi yetu, hakuna tena arawla, wale swala adimu wa kwetu. Wamekwisha. Wageni wanaokuja kuwatazama huwa nawaonyesha nyamera. Kwa mbali wanafanana — ila arawla ana duara jeupe kuzunguka jicho. Mgeni hupiga picha, hushukuru, kisha huenda kutafuta kanga wa kifua cha buluu na waridi la jangwani. Huondoka ameridhika.

Kifua kinabana. Daktari wa Garissa aliniambia nirudi nyumbani nipumzike. Nilimwelewa.

Jumapili, 2 Novemba

Guleid amekuja. Ni mwana wa ndugu yangu, na ndiye mwenyekiti wa malisho. Mvua hakuna. Asubuhi ng'ombe wanainuliwa kwa kuvutwa mkia ndipo wasimame. Nyasi zilizobaki ni za Harweyn tu, tulizozifunga mifugo isiingie, kwa ajili ya arawla. Mimi ndiye niliyewashawishi wazee wazifunge.

"Adeer," akaniita, yaani ami, "vijana wanataka tuingize ng'ombe. Nimewaambia tunafuata neno lako. Arawla bado wapo?"

Nikasema wapo.

Hakuuliza mara ya pili. Kwetu, arawla akila karibu na ng'ombe, ng'ombe wana baraka. Hakuna atakayemfukuza, hata kwenye ukame. Basi, akasema, watahamia upande wa Hulugho. Akiwa mlangoni akatania: "Ukipona, adeer, tutakuoza yule mama mgeni wa darubini, anayekuja kutazama arawla wako." Nikacheka. Niliweza kucheka.

Jumatano, 5 Novemba

Homa. Sikuandika kitu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeshindwa kwenda msikitini. Binti yangu Samsam ameleta uji, na habari. Kisima walichokitegemea njiani kimekauka. Ng'ombe wanaanguka. Guleid anatembea na ndama begani.

Mke wa Guleid, Ugbad, alikuwa nje na Samsam. Alisema heri hao arawla, wana mtu wa kuwasemea. Hakujua nasikia. Au alijua.

Nyasi za Harweyn zinafika magotini. Nyamera wanazila.

Kwa nini sikusema? Wageni wakikoma walinzi wetu wa Harweyn watakosa kazi — hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni mdogo zaidi, na wa aibu. Wageni walikuwa wakishuka garini wanauliza: yuko wapi Mwalimu Sakariye, mzee wa arawla? Nilipenda kuulizwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwambia Samsam. Alikuwa anakunja nguo. Akaziacha, akampigia Guleid simu, akaniwekea sikioni.

Nikasema: rudisheni ng'ombe, ingieni Harweyn, arawla hakuna.

Akauliza kwa upole mno: "Na wale uliokuwa ukiwaonyesha wageni, adeer?"

Nyamera, nikasema.

Samsam akainamia simu upesi. "Ni macho yake, Guleid. Ana mtoto wa jicho, si unajua? Aabo haoni."

Nikamsikia Guleid akiwaeleza wenzake: mzee alikosea, ni macho. Mmoja akasema subhanallah, maskini mzee. Walikuwa wamekwisha kunisamehe, hapo hapo, katikati ya mizoga. Guleid akaniambia nisijisumbue. Hawawezi kurudi, ng'ombe walio hai hawana nguvu ya kuipita njia ile tena. Akaniombea afya. Mimi.

Samsam alinibana mkono ninyamaze. Ningeweza. Ningezikwa mtu mwema, na yeye angebaki binti wa mtu mwema.

"Guleid," nikasema, "usikate. Ukungu umeingia machoni mwaka huu. Uongo ulianza kabla. Nilikuwa na darubini, niliwatazama mmoja mmoja. Niliona vizuri."