Baba, Mpingo Wako Ulipakwa Mkorogo

Baba yangu,

Shikamoo. Najua kabla ya kuitikia utauliza kwanza kama nimekula, halafu utauliza nani amegusa tindo zako. Nimekula. Tindo zako ziko palepale kwenye debe nyuma ya nyumba, Mama amezifunika gunia, na ole wake kuku atakayelisogelea. Nakuandikia kwa sababu yamenijaa, na hapa Chamazi hakuna mtu wa kuyacheka vile ungeyacheka wewe.

Tumekufungulia tovuti. Usikunje uso. Ni kile nilichokuwa nakwambia, kwamba mtu akiwa popote anafungua simu yake anaona kazi zako zote na jina lako juu. Ulikuwaga hutaki hata kusikia, unasema kinyago kinashikwa, hakichunguliwi kwenye kioo. Lakini siku zile za mwisho, umelala sebuleni huwezi hata kugeuka, ulinivuta upindo wa kanga ukaniambia, "Watu wakiona kazi yangu, waone mti wenyewe." Neno lile limenikaa, Baba. Nani asiyejua ulivyowachukia wanaochonga mti wowote mweupe, wakaupaka dawa ya viatu, kisha wakamuuzia mgeni eti mpingo? Nikaapa kwamba nikikuweka huko, kila kinyago kitakuwa cheusi tii kama kilivyotoka mkononi mwako.

Yule dada wa Kawe anayetutengenezea tovuti alinipa masharti kwa sauti ya upole mpaka nikataka kumfokea bila sababu. Picha zipigwe mbele ya kitambaa cha rangi moja. Kila kinyago kipigwe mbele, ubavuni na nyuma. Na kila kinyago kiwe na jina. Hapo kwenye jina ndipo uliponiacha pabaya, maana wewe hukuvipa majina. Mgeni akija unamwambia hiki ni mti wa uzima, akishaondoka unatwambia sie ni mwenye nyumba wetu wa Tabata. Unakumbuka ulivyomchonga na kitambi chake, na lile pua lililokuwa linapita dirishani kunusa tumepika nini? Akaja mwenyewe, akakigeuza, akakisifu, akakinunua. Akakiweka sebuleni kwake na kuwaambia wageni kinafanana na mdogo wake. Sie tulikuwa jikoni tumeziba midomo kwa kanga, na wewe unampa mkono kwa adabu zote unamwambia karibu tena.

Basi kazi ya majina nikamkabidhi Mama. Laiti ningejua. Yule mwenye shingo ndefu kamwita Shemeji wa Masasi. Yule anayelia kamwita Shemeji wa Masasi Siku ya Kugawana Mirathi. Ile nguzo ya watu waliopandana mabegani mpaka juu kaiita Nyumbani Kwetu Krismasi. Nilimtumia dada wa Kawe huku naona aibu, naye akajibu kwamba majina yana mvuto, akayaweka yote yalivyo.

Siku ya kupiga picha natoka chumbani nakuta vinyago vyako vimepangwa barazani vimevaa nguo. Sikutanii. Mama alikuwa amechana kanga kuukuu vipande vipande, kila mwanamke kafungwa kiunoni na kifuani, na yule mzee wa kiko kavishwa kitambaa cha meza chenye maua. Nikamuuliza ndiyo nini hii. Akasema wanakwaya wenzake wote wana simu, na yeye hataki kusikia kwamba mjane wa fulani anatembeza watu uchi duniani. Nikamwambia Mama, hawa ni mti. Akasema mti hauna matiti. Tukapandishiana pale mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Mwisho alikubali kuwavua wote isipokuwa mzee wa kiko, akisema huyo ana umri wa kuheshimiwa. Ndiyo maana kwenye tovuti yako kuna mzee mmoja amevaa kitambaa cha meza, na dada wa Kawe mpaka leo anaamini ni sehemu ya sanaa.

Tukavipakia kwenye kirikuu kuvipeleka studio. Ila kimoja hakikupanda, nawe unakijua. Aliyenuna, kama tulivyozoea kumwita sie, alibaki chumbani kwa Mama, upande wako wa kitanda, pale juu ya kijimeza ulipokuwa unaweka miwani.

Nilibembeleza, Baba. Kazi zako zote ni nzuri, lakini ile ndiyo wewe. Bila Aliyenuna, tovuti ingekuwa duka tu. Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka siku uliyomuuzia mgeni kinu cha Mama, kile alichopewa na bibi akitoka Newala, eti kwa sababu mgeni amekipenda. Mama hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, kavuta mdomo, shavu moja limevimba, kageukia ukuta. Mtu mwingine angeomba radhi. Wewe ukaenda kuchukua gogo, ukakaa mbele yake, ukaanza kuchonga. Akinyanyuka kwenda kupika anakuta umekaa unamsubiri, na kwa hasira anarudi kununa vilevile. Alinuna mpaka ukafika kwenye msasa. Ulipomwekea mapajani akajiona, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini, nawe ndipo ukamwomba radhi. Sasa naye akaniuliza mie, dunia nzima imwone amenuna? Akafunga mlango wa chumba.

Mpiga picha tuliyempata ni Sadiki wa Tabata, yule aliyepiga harusi ya dada yangu. Ndiye pekee tunayemjua mwenye kamera ya maana, ila hajawahi kupiga kitu kisichoolewa. Aliwapanga watu wako wawiliwawili wakitazamana. Yule mwanamke wa mtungi alimwekea ua la plastiki. Kuna mahali nilimsikia kabisa anamwambia kinyago inua kidevu kidogo, sista. Nikajisemea kila fundi na mkono wake.

Picha zilipokuja kwenye simu nikazifungua haraka. Baba, walikuwa weupe. Mpingo wako ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, laini, hauna mstari hata mmoja wa tindo, mashavu yanang'aa kama ya mabibi harusi. Kumbe ndivyo mkono wa Sadiki ulivyozoea. Bibi harusi akiingia kwake lazima atoke mweupe kuliko alivyoingia, la sivyo mama mkwe analalamika. Vinyago vyako vyote vilionekana kama mti wa hovyo unaosubiri dawa ya viatu. Nilishika simu ili nimpigie Sadiki nimpe vidonge vyake, nikawa nalia kwa hasira. Neno moja tu uliniachia, na hilo nalo lilikuwa linanishinda.

Mama akaniuliza kulikoni. Nikampa simu. Akavaa miwani yako, maana ya kwake haioni karibu, akazipitia zote polepole. Kisha akasema, "Wamempaka mume wangu mkorogo." Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, na mikononi kabeba kitu kilichofungwa kwenye shuka. Nikajua ni nani.

Tulikodi bajaji mpaka Tabata, njia nzima amempakata. Mie nilikuwa nimejiandaa kumfokea Sadiki mpaka majirani watoke, lakini sikupata nafasi. Mama aliitikia shikamoo yake vizuri, akafungua shuka, akamsimamisha Aliyenuna juu ya stuli na kumwambia huu ndio mpingo, autazame. Kisha akamwelekeza azime mataa yake yote na kufungua mlango, kwa sababu marehemu alikuwa akichonga kwa mwanga wa mlangoni. Na atakachokiona kwenye kamera ndicho hichohicho akitoe. Sadiki akapiga. Alipotuonyesha, Baba, ulikuwepo. Kila alama ya tindo, lile shavu lililovimba, ule mwanga kidogo kwenye mdomo uliovutwa. Mweusi tii. Sadiki alitazama picha, akamtazama Mama, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, huyu si ni wewe?" Mama akavuta mdomo. Hakuhitaji jibu jingine. Siku hiyohiyo Sadiki akaanza kuvipiga upya vyote, maana vilikuwa bado pale studio, mlango wazi, na ua la plastiki akalitupa mwenyewe.

Na Mama hakumrudisha Aliyenuna ndani ya shuka hadi aliposikia nimemtumia dada wa Kawe picha. Alisema tu kwamba kama wengine wote wameenda, huyu naye asiachwe nyuma kama yatima.

Sasa tovuti iko hewani na tumeanza kuandikiwa. Wa kwanza kabisa ni mtu wa nje ya nchi, anamtaka Aliyenuna, anasema tutaje bei yoyote. Nikamsomea Mama akiwa anachagua mchele. Nikamuuliza nimjibuje, hakiuzwi? Hakuinua hata kichwa.

"Mwambie ana mume."

Nilicheka nikijua anatania. Nikamtazama, hakuwa anatania. Ikabidi niende nyuma ya nyumba kwenye debe la tindo zako, nikalia mpaka kuku wakasogea pembeni. Nimekukumbuka sana, Baba, sijui niseme vipi kingine. Dada wa Kawe ameliandika jibu la Mama hivyohivyo. Chini ya vinyago vingine pameandikwa kinauzwa, chini ya Aliyenuna pameandikwa ana mume.

Pumzika sasa, wamekuona, na wameona mti wenyewe. Ningeendelea, ila Mama ananiita. Kila asubuhi anadai hayamhusu mambo ya mitandao, na kila asubuhi lazima nimfungulie simu atazame kama kuna mwingine aliyemuulizia.

Mwanao wa mwisho,
uliyesema nimerithi mdomo wa mama yangu